Kitufe Ambacho Baba Mdogo Hakukisikia

Nilipomwambia mama kwamba Gitega najifunza kodi, aliuliza nani atailipa. Nikasema si kodi ya nyumba, ni kodi ya kompyuta, yale maandishi ambayo mashine inayafuata. Akasema, "Sasa mbona hamukutafuta jina lingine?" Sikuwa na jibu. Katika kikundi chetu wengine wanasema kodi, wengine kode kwa Kifaransa, wengine msimbo kama vitabu vya Tanzania. Hapa nitaandika msimbo, tusigombane.

Kazi ya kwanza niliyoileta nyumbani ilikuwa ukurasa wenye visanduku viwili. Andika watu wazima wangapi, andika watoto wangapi, bonyeza, unaambiwa jumla. Wakati wa likizo nikapata karatasi ya kutoka na nafasi kwenye Probox, nikapita Karusi mpaka Muyinga, nikafika Kinama, kambi yetu iliyo Gasorwe. Jioni nikawaita mama na wadogo zangu wazunguke simu. Watu wazima 3, watoto 4. Nikabonyeza. Ikajibu: 34.

Wadogo zangu walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama hakucheka. "Hiyo uifiche," alisema. "Wasije wakaiona kwenye ofisi wakasema tumeongeza batu."

Shida ilikuwa hii. Tarakimu ukiichukua kutoka kwenye kisanduku cha ukurasa, JavaScript haiichukui kama namba, inaichukua kama maandishi. Na alama ya + katika lugha hiyo ina kazi mbili: kati ya namba inajumlisha, kati ya maandishi inaunganisha, kama unavyounganisha "mwana" na "nchi" ukapata "mwananchi". 3 yangu na 4 yangu zilikuwa maandishi, basi zikasimama bega kwa bega. Dawa yake ni kuandika Number kabla, mashine ijue kwamba kilichomo ni namba. Nilirekebisha usiku uleule.

Lakini kilichonisumbua ni kwamba msimbo wangu haukuwa na kosa la kuandika. Mabano yote yalifungwa, nukta mkato zote zilikuwepo, mashine haikulalamika hata kidogo. Waliosoma isimu wanayajua maneno haya mawili, sintaksia na semantiki. Sintaksia ni mpangilio: sentensi imeandikwa sawa au haikuandikwa sawa. Semantiki ni maana: sentensi hiyo inasema nini. Watu wa kompyuta wameyachukua maneno hayo hayo. Kosa la sintaksia unaliona haraka, skrini inakuwa nyekundu na programu haitembei. Kosa la semantiki linatembea vizuri kabisa, linakupeleka mahali pengine.

Sisi tunaoishi kati ya lugha nne au tano tulipaswa kulijua hilo bila shule. Kwa Kirundi, "ejo" ni jana na pia ni kesho; kitenzi ndicho kinachoamua. Mama mwenye nyumba Gitega aliniambia jambo lenye "ejo" ndani yake, na mimi, kwa Kirundi changu cha sokoni, nikashika neno hilo moja tu. Nikakaa nyumbani siku nzima nikimsubiri fundi wa umeme. Kumbe alikuwa ananieleza kwamba fundi alikuja jana, akanikosa. "Ingoma" nayo ni ngoma ya kupigwa, kama zile za Gishora karibu na Gitega, na pia ni utawala wa mfalme. Hata jina Muyinga. Nilipotengeneza ukurasa wangu wa pili, Muyinga ilikuwa kwenye orodha ya mikoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikawa 5, Muyinga ikaingia ndani ya mkoa wa Buhumuza. Herufi hazikubadilika hata moja. Ukurasa wangu uliendelea kuonekana sawa, na ulikuwa unasema jambo ambalo limekwisha.

Huo ukurasa wa pili ndio ninaotaka kuusema hasa.

Kikundi cha vijana cha kambini kilitaka kuanzisha masomo ya jioni: Kifaransa, hesabu, kusoma na kuandika kwa kina mama. Wakaniomba nitengeneze ukurasa wa matangazo na fomu ya kujiandikisha, kwa wanaotaka kusoma na kwa wanaotaka kufundisha. Niliutengeneza nikiwa Gitega, kwa wiki mbili, nikinunua mega kidogo kidogo. Ulipendeza. Vichwa vya habari vikubwa, vyeusi. Chini kulikuwa na kitufe cha kijani chenye pembe za duara na neno JIANDIKISHE. Nikautuma kwenye WhatsApp ya kikundi, watu wakaweka vidole gumba.

Baba Mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Uvira. Kifaransa changu chote ni chake. Macho yake yaliharibika hapa kambini, polepole, na sasa anachotofautisha ni mchana na usiku tu. Lakini simu anaitumia kuliko mimi. Simu nyingi za Android zina programu inaitwa TalkBack: ukigusa kitu inakitaja, ukitelezesha kidole kulia inakwenda kwenye kitu kinachofuata, ukigonga mara mbili inakifungua. Mimi ndiye niliyemwashia programu hiyo na kumfundisha. Nalitaja hili ili mjue kwamba sina pa kujificha.

Watu walijiandikisha. Baba Mdogo hakujiandikisha. Tukasema mzee amechoka, tusimsumbue. Darasa la Kifaransa likapewa kijana mmoja mwenye bidii, na masomo yakaanza.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa Noeli. Baba Mdogo alinisalimia vizuri, akauliza habari za Gitega, akauliza kama yule mwalimu wa Kifaransa anafundisha vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema "Vizuri," akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua tangu niko mtoto. Jioni mama akaniambia: baba yako mdogo anaona mumemuweka pembeni kwa sababu ya macho. Hajamwambia mtu. Kila somo linapoanza anasikia wanafunzi wanapita, anaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kukaa naye, nikasema, "Baba, nionyeshe ulivyoufungua ule ukurasa."

Akaufungua bila shida. Na simu ikaanza kusoma Kiswahili changu kwa sauti ya Kiingereza. Sijui niieleze namna gani. Ilikuwa kama mzungu aliyeshuka kwenye ndege leo amepewa gazeti la Uvira alisome kwa mbio. "Masomo" halikuwa masomo, "jioni" halikuwa kitu chochote. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kuizoea, anatafsiri kichwani kutoka Kiswahili cha simu kwenda Kiswahili cha watu.

"Mutoto yangu," alisema, "hii kitu yako inasemaka mingi, lakini haielezi."

Akatelezesha kidole. Neno, neno, neno. Hakuna mahali simu iliposema: hiki ni kichwa cha habari. Alifika kwenye visanduku, simu ikasema tu kwamba hapa ni mahali pa kuandika. Kuandika nini? Haikusema. Akaendelea mpaka mwisho, sauti ikasoma "jiandikishe" kwa namna yake.

"Unasikia? Inaniambia nijiandikishe. Nilisema sawa, mimi niko tayari. Nijiandikishe wapi?"

Alikuwa ameupitia ukurasa ule siku tatu mfululizo, kila siku mara nyingi, akitafuta mahali pa kubonyeza. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe changu cha kijani wakati wote huo.

Sasa wale ambao hawajawahi kuandika ukurasa wanivumilie. Lugha ya kurasa ni HTML. Kila kitu ndani yake unakifunga kwa tagi, na tagi ni jina la kitu: h1 ni kichwa kikubwa, p ni aya, ul ni orodha, button ni kitufe. Kuna nyingine inaitwa div, ambayo haina maana yoyote. Ni mfuko tu wa kuwekea vitu. Mimi nilipenda div. Unaipaka rangi, unaikunja pembe, unaiandikia JIANDIKISHE, unaiunganisha na JavaScript, na mwenye macho akiitazama ataapa kwamba ni kitufe. Lakini TalkBack haitazami rangi. Inauliza: hiki kinaitwa nani? Na mimi nilikuwa nimejibu: ni mfuko, ndani yake mna neno. Vichwa vyangu vikubwa vyeusi vilikuwa div pia. Majina ya visanduku niliyaandika pembeni bila kuyafunga na visanduku vyenyewe kwa tagi ya label, kwa hiyo kwa jicho yalikuwa jirani, kwa mashine hayajuani. Na ile sauti ya Kiingereza ilitoka kwenye mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa, niliounakili mahali bila kuusoma: lang="en". Yaani nilikuwa nimeitangazia dunia nzima kwamba maandishi haya ni ya Kiingereza.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo mapya ya kuwasumbua wanafunzi. Tim Berners-Lee alipoieleza lugha hii mara ya kwanza mwaka 1991, akiwa CERN kule Uswisi, orodha yake ilikuwa na tagi 18 tu, na nyingi zilikuwa za kutaja kitu ni nini: kichwa, aya, orodha. Mambo ya rangi na mapambo yalizidi baadaye. Mwaka 2014 HTML5 ilipopitishwa ziliongezwa nyingine za namna hiyo hiyo, kama nav kwa ajili ya menyu na main kwa ajili ya habari yenyewe. Nilikuwa nimepita juu ya hayo yote darasani kwa sababu ukurasa ulikuwa unapendeza bila hayo.

Nilibadilisha palepale, nimekaa kwenye kigoda chake. div ya chini ikawa button. Vichwa vikawa h1 na h2. Kila kisanduku kikapata label yake. en ikawa sw, na nikaingiza sauti ya Kiswahili kwenye simu. Haikufika saa moja. Ukurasa baada ya hapo ulionekana vilevile ulivyokuwa. Mwenye macho asingejua kama kuna kilichobadilika.

Baba Mdogo akaanza upya. Sasa aliruka kutoka kichwa mpaka kichwa, akaziacha habari za hesabu bila hata kuzisikiliza, kama unavyopekua gazeti. Akafika kwenye jina, akaandika jina. Akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, akasimama.

"Hapa," aliuliza, "niandike ile ya karatasi au ile ya kweli?"

Wasomaji wa kambini wameshaelewa, na wafanyakazi wa mashirika pia nadhani. Karatasi ya Baba Mdogo inasema 01/01/1964. Ya mama inasema 01/01. Yangu inasema 01/01. Ukipita mstari wetu wa nyumba siku ya mwaka mpya unaweza kuwaimbia watu wimbo wa kuzaliwa mlango kwa mlango. Baba Mdogo hakuzaliwa Januari. Bibi alisema alizaliwa wakati wa Mulele, siku zile waasi walipoingia Uvira na watu wakakimbilia milimani, na hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Siku yenyewe hakuna anayeijua. Anajua mwaka, anajua mwezi, anajua kelele zilizokuwepo.

Karani aliyeandika 01/01 hakuwa mtu mbaya. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, mvua inakuja, na fomu haikubali kwenda mbele bila siku na mwezi. Kwake yeye 01/01 ilikuwa na maana ya "hatujui". Yeye na wenzake wote wanaielewa hivyo. Lakini maana hiyo ilibaki kichwani mwa karani. Kilichoingia kwenye mashine ni siku, siku kamili kama nyingine yoyote. Ni div yangu ileile, inaonekana tarehe na si tarehe.

Na inauma. Mama ana mabinti wawili waliozaliwa 2006. Mmoja ni mdogo wangu wa damu. Mwingine ni mtoto wa mama mdogo wangu aliyefariki. Alibaki kwetu akiwa bado ananyonya, na mama alinyonyesha wote wawili. Wote wakaandikwa 01/01/2006. Katika ofisi moja, miaka iliyopita, mama aliitwa kwa mahojiano, na aliyemhoji akatazama skrini, akasema kwa furaha kabisa, "Ah, una mapacha! Bukuru ni yupi?" Kwa Warundi pacha mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi, alikuwa anamtania mama kwa heshima. Mama akasema si mapacha. Basi mmoja si wako? Ni wangu wote. Wamezaliwa siku moja? Hapana, wamepishana miezi. Lakini hapa ni siku moja, mama. Furaha ikaisha. Faili letu likawekwa pembeni kwa uchunguzi, likakaa huko zaidi ya mwaka, na muda huo wote mama alikuwa akituuliza usiku kama alisema vibaya. Alikuwa amesema kweli tupu.

Katika hifadhidata za SQL kuna alama inaitwa NULL. Haina maana ya sifuri, wala ya neno tupu. Maana yake ni: hapa hatuna jibu. Ina tabia moja niliyoipenda nilipojifunza Gitega, ingawa inawachanganya wanafunzi wengi. Ukiiuliza hifadhidata kama NULL ni sawa na NULL, haisemi ndiyo, na haisemi hapana. Inasema haijulikani. Vitu viwili usivyovijua huwezi kusema ni kitu kimoja. Nilipofundishwa hivyo niliwafikiria mabinti wale wawili moja kwa moja. Miezi miwili isiyojulikana, ikaandikwa isiyojulikana, isingezaa mapacha.

Nikachukua tena simu ya Baba Mdogo. Fomu yangu pia ilidai siku na mwezi na mwaka, na mimi, mtoto wa 01/01, ndiye niliyeiandika hivyo bila kufikiri. Nikakivunja kile kisanduku. Kimoja cha mwaka. Kimoja cha mwezi, kinachokubali kubaki wazi. Siku nikaitoa kabisa, maana darasa la Kifaransa la jioni linataka siku ya nini? Halafu nikaongeza alama ya kuchagua: "Tarehe hii ni makadirio." Kila kimoja na label yake.

Baba Mdogo akaandika 1964. Kwenye mwezi akafikiri kidogo, akaandika 5. Akafika kwenye makadirio, akasikiliza mara mbili, akaiwekea alama. Akatelezesha kidole, na simu ikasema jiandikishe, kitufe. Akagonga mara mbili.

Mimi na yule mwalimu kijana tulikubaliana kwamba Baba Mdogo achukue walioendelea, na tangu mwezi wa kwanza ana wanafunzi tisa. Siku ile, kabla sijasimama kwenye kigoda, aliniuliza jambo moja.

"Hiki kisanduku cha makadirio. Kule ofisini walikotuandika, kipo?"

Nikasema mimi kule sijakiona.

"Basi waandikie," alisema.